Namna ya Kuandaa Viatu Vipya vya Ngozi Kabla ya Kuvivaa kwa Mara ya Kwanza

Watu wengi hutoa viatu vipya kwenye boksi, huvifunga kamba na kutoka navyo siku hiyo hiyo, na mara nyingi siku yenyewe huwa ni ya harusi, ya usaili wa kazi au ya safari, ambapo mtu hana nafasi ya kuvivua. Jioni hurudi na malengelenge visiginoni, na viatu navyo huwa vimeshapata mikunjo isiyoondoka tena. Lawama humwendea aliyevishona, ilhali kosa huwa limo katika saa chache za mwanzo. Ngozi hushika umbo: ilipokunjwa mara ya kwanza ndipo itakapoendelea kukunjika, na kimiminika cha kwanza kinachoifikia, kiwe maji ya mvua au mafuta uliyoyapaka kwa kukusudia, huacha athari ya muda mrefu. Ndiyo maana ninashauri kuhesabu wiki mbili: siku tatu au nne za kuiandaa ngozi yenyewe, na siku kumi hivi za kuzoeshana na mguu. Ikiwa una shughuli ya tarehe maalumu, anza hesabu kutoka tarehe hiyo kurudi nyuma.

Hakikisha kwanza kwamba kiatu kinakutosha

Maandalizi yote yatakayofuata hayatakuwa na maana ikiwa kipimo kimekosewa. Ngozi ya juu inaweza kutanuka kidogo kwa upana, lakini urefu wa kiatu hauongezeki, kwa kuwa soli na ncha yake ngumu haziruhusu. Vijaribu viatu nyumbani, jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na uvae soksi za unene ule ule utakaoutumia kwa kawaida. Simama juu ya zulia au kitambaa safi, maana soli ikishachubuka ni vigumu muuzaji kuvipokea tena. Vaa vyote viwili, ufunge kamba, kisha usimame wima. Mtu aliyeketi hajauweka uzito wake miguuni, na wayo usiobeba uzito huwa mfupi na mwembamba kuliko ulivyo kweli.

Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, panatakiwa pabaki nafasi ya takriban sentimita 1. Sehemu pana ya wayo, pale kwenye kiungo cha kidole gumba, inatakiwa ikae katika sehemu pana ya kiatu, kwa sababu hapo ndipo soli ilipokusudiwa kupinda; ikiwa kiungo chako kiko mbele au nyuma ya hapo, kiatu kitapinda mahali pasipo pake na hutakizoea hata ukivumilia mwezi mzima. Kisigino kikiinuka milimita chache unapotembea, usihofu, kwani soli mpya bado ni ngumu na tatizo hilo hupungua soli inapoanza kulegea. Ganzi vidoleni, kwa upande mwingine, ni sababu ya kukirudisha kiatu.

Kabla ya kuendelea, ingiza mkono ndani ya kila kiatu na upapase taratibu kuanzia kwenye kisigino hadi ncha. Vidole vyako vitagundua mambo ambayo macho hayafiki: tone la gundi lililokauka likawa gumu kama changarawe, uzi uliofungwa fundo juu ya soli ya ndani, au ncha ya msumari inayochungulia kisiginoni. Ukaguzi huu ni wa lazima kwa mwenye ugonjwa wa kisukari au yeyote ambaye hisia za miguu yake zimepungua, kwa kuwa huenda asihisi maumivu hadi kidonda kiwe kimeshatokea. Mtu wa aina hiyo asitegemee kabisa ushauri wa kuvumilia kiatu hadi kilegee, na kila anapovua viatu vipya aitazame miguu yake yote, hata chini ya nyayo.

Itambue ngozi uliyonayo

Makosa mengi mabaya hutokana na kupaka dawa sahihi kwenye ngozi isiyo yake. Ngozi za viatu hudabaghiwa, yaani hutiwa dawa ili zisioze, kwa njia kuu mbili. Njia ya kale hutumia tanini inayotoka katika magome na majani ya miti, na huzaa ngozi iliyo ngumu kidogo, inayobadilika rangi kadiri inavyozeeka na inayoshika umbo la mguu vizuri sana. Njia ya chumvi za kromu, iliyoenea viwandani tangu mwishoni mwa karne ya 19, huchukua muda mfupi zaidi na hutoa ngozi laini inayostahimili maji na joto kuliko ile ya kwanza. Sehemu kubwa ya ngozi za juu za viatu vya siku hizi ni ya kromu, huku soli za ngozi zikiendelea kudabaghiwa kwa tanini.

Kwa mwenye kiatu mkononi, hata hivyo, swali kubwa ni jinsi uso wa ngozi ulivyomaliziwa. Chovya ncha ya kidole katika maji safi, kisha udondoshe tone moja dogo mahali palipojificha, kwa mfano kwenye sehemu ya ulimi wa kiatu inayofunikwa na kamba. Tone likizama ndani ya dakika moja na kuacha doa jeusijeusi ambalo baadaye hukauka, ngozi hiyo iko wazi na itainywa krimu yako. Likikaa juu kama shanga, uso umefunikwa kwa utando wa rangi au plastiki, na krimu nyingi itabaki kunata juu bila kuingia. Ngozi yenye nyuzi fupi zinazosimama na kulala unapozipitishia kidole, yaani suedi na nubuki, haipakwi krimu wala nta hata kidogo. Ile inayong'aa kama kioo ina tabaka la plastiki na hutaka kufutwa tu kwa kitambaa laini chenye unyevu. Nayo ile ambayo rangi yake hufifia pale unapoiminya au kuikunja, kisha ikarudi unapoisugua, imejazwa mafuta na nta tangu kiwandani, hivyo haihitaji kuongezwa sana.

Kuondoa vumbi

Vua kamba zote, toa karatasi na vile vifuko vya kufyonza unyevu, kisha upige burashi safi ya nywele za farasi uso mzima, ukikazia mshono unaounganisha ngozi ya juu na soli, ambamo vumbi la kiwandani hujificha. Fuata kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe. Kiache kiatu kikauke kwa saa moja au mbili kivulini.

Kuilisha ngozi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote kwa viatu vya ngozi laini iliyo wazi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ngozi ni mfumo wa nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayoijenga ngozi, zilizosokotana. Baada ya kudabaghiwa, kiwandani hurudishiwa mafuta ili nyuzinyuzi hizo ziweze kuteleza pasipo kusagana. Kiatu kinapokaa miezi mingi ghalani na kwenye rafu, penye hewa kavu au taa za joto, unyevu na ulaini wake hupungua bila mnunuzi kuona badiliko lolote machoni. Ukikivaa katika hali hiyo, mkunjo wa kwanza kabisa utakunja nyuzi kavu, na nyuzi kavu hukatika. Nyufa nyembamba zinazoonekana baada ya mwaka, juu ya vidole, huwa zilianzia hapo.

Tumia krimu ya kulainishia ngozi ya viatu, isiyo na rangi, ambayo kwa kawaida huwa na nta ya nyuki, lanolini (mafuta yatokayo kwenye sufu ya kondoo) au mafuta mepesi. Usitumie mafuta ya kupikia: huchacha, hunuka, na huifanya ngozi iwe nyeusi kwa mabakamabaka. Mafuta mazito ya kujipaka mwilini nayo hukaa juu ya uso, yakanasa vumbi, na kuzuia dawa ya viatu isishike. Kabla ya kupaka kiatu chote, jaribu kwenye ulimi na usubiri hadi kesho yake. Niliwahi kupuuza hilo nikiwa na viatu vya rangi ya asali. Nilipaka mafuta mazito kiatu kimoja, nikashuhudia rangi ikigeuka ya kahawa iliyokolea mbele ya macho yangu, na kwa kuwa haikurudi tena ilinibidi nikipake na kile cha pili ili vifanane. Tangu hapo sijawahi kupaka kitu chochote kwenye kiatu kipya bila kukijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Chukua kitambaa cha pamba, hata kipande cha fulana iliyochakaa, ukizungushe kwenye kidole cha shahada na cha kati, kisha uchote krimu isiyozidi ukubwa wa punje ya kunde. Kiasi hicho hutosha nusu ya kiatu. Paka kwa miduara midogo, ukianzia sehemu itakayokunjika, yaani nyuma kidogo ya vidole, kwa sababu hapo ndipo panapohitaji zaidi, na kitambaa kinapofika hapo kingali na krimu ya kutosha. Pitia kisigino, pande zote, ulimi, na ule ukingo wa juu unaogusana na kifundo cha mguu. Ukiona krimu imebaki nyeupe katika mashimo ya kamba au kwenye mishono, umepaka nyingi. Ifute kwa burashi ya meno iliyo kavu.

Kisha uviache viatu usiku mzima. Watu huharakisha hapa kwa kuwa kiatu huonekana kimekauka ndani ya robo saa, lakini kukauka kwa uso si kuingia kwa krimu. Asubuhi piga burashi hadi uso upate mng'ao hafifu, kisha ubonyeze sehemu ya mkunjo kwa kidole gumba. Ikiwa bado inahisi kavu na ngumu kama karatasi nene, rudia mara moja zaidi na usubiri usiku mwingine. Usizidishe hapo, kwa kuwa ngozi iliyolowa mafuta hulegea, ikapoteza umbo lake na kuuachia mguu uteleze ndani ya kiatu.

Dawa ya rangi na nta

Krimu ya kulainisha haikingi maji kwa kiasi cha kutosha, hivyo siku inayofuata paka dawa ya viatu yenye rangi ya kiatu au iliyo nyepesi kuliko rangi hiyo kidogo, kamwe isiwe nyeusi zaidi. Tabaka moja jembamba, likisubiriwa dakika kumi na kupigwa burashi, linatosha. Nta ngumu ya kwenye kopo iwekwe kwenye ncha na kisigino peke yake, mahali ambapo ngozi haipindi. Ukiijaza juu ya mkunjo itapasuka na kuacha mistari myeupe tangu siku ya kwanza ya kuvaa.

Kwa suedi na nubuki hatua hii yote nafasi yake huchukuliwa na dawa ya kupuliza ya kuzuia maji. Ipulizie mahali penye hewa ya wazi, kwa kuwa mvuke wake una madhara kwa mapafu, ukiwa umeshika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka mbili nyembamba zikipishana kwa nusu saa, halafu uache kiatu kikauke siku nzima na uzisimamishe nyuzi kwa burashi yake maalumu.

Soli

Soli mpya huteleza, na mtu aliyewahi kuteleza kwenye ngazi za sakafu ya vigae akiwa na soli ya ngozi isiyowahi kukanyaga chini hahitaji kuambiwa mara mbili. Ichukue soli ya ngozi uisugue taratibu kwa msasa wa kiasi cha kati, hasa mbele chini ya wayo, hadi ule mng'ao wa kiwandani uondoke na uso uwe na mikwaruzo midogo. Usifike kwenye mshono. Soli ya mpira nayo huenda ikawa na mabaki ya dawa iliyotumiwa kuitoa katika kalibu, na hayo huondoka kwa kitambaa chenye maji ya sabuni pamoja na msasa kidogo.

Wengine humpelekea fundi viatu vipya vyenye soli ya ngozi ili abandike tabaka jembamba la mpira mbele. Mimi huona ni jambo jema kwa anayetembea sana kwenye maji na barabara mbaya, ila ninapendelea soli ivaliwe kwanza mara tano au sita mahali pakavu, ipinde na ijue njia yake, ndipo mpira ubandikwe. Mpira uliobandikwa juu ya soli iliyonyooka kabisa huvutwa kila unapopiga hatua na hubanduka mapema kwenye ncha.

Mkunjo wa kwanza

Usikipinde kiatu kwa mikono ili kukilegeza. Mikono hupinda mahali popote, ilhali mguu hupinda mahali pake. Vaa viatu ukiwa umelegeza kamba kabisa, tumia kile kibao cha kuvalia viatu au mpini mpana wa kijiko ili ukingo wa nyuma usipondeke, gonga kisigino chini mara mbili kiketi nyuma kabisa, kisha ufunge kamba kuanzia chini kwenda juu, ukikaza kila tundu kwa zamu. Kamba iliyofungwa ovyo huuruhusu mguu uende mbele, na mkunjo wa kwanza hutokea karibu mno na vidole. Baada ya hapo piga hatua kumi za polepole kwenye zulia, ukiinua kisigino kama mtu anayepanda ngazi. Tazama chini uone mstari unavyojichora. Ukiwa mmoja au miwili, imenyooka na inafanana kwa viatu vyote viwili, mambo yamekwenda vizuri.

Wapo wanaolaza kalamu ya mviringo juu ya kiatu, nyuma ya vidole, ili mkunjo ufuate mstari ulionyooka. Kwa kiatu rasmi cha ngozi laini njia hiyo hufanya kazi, mradi uwe umeshailisha ngozi na hukandamizi kwa nguvu. Kwa buti au ngozi nene haina faida.

Siku kumi za kuzoeshana

Siku ya kwanza vaa nusu saa hadi saa moja, ndani ya nyumba, ukiwa na soksi nene kidogo kuliko kawaida. Kesho yake usivivae. Siku ya tatu vaa saa mbili, ukiinuka na kuketi, ukipanda na kushuka ngazi ikiwa zipo. Endelea hivyo, siku moja ya kuvaa na moja ya kupumzika, ukiongeza saa moja au mbili kila mara, hadi ufike nusu ya siku pasipo maumivu. Mapumziko hayo yana sababu: mguu hutoa jasho, ngozi ya ndani hulifyonza, na ikikunjwa tena kabla haijakauka hudhoofika na kupoteza umbo. Kila unapovua, fungua kamba kabisa na uingize kalibu za mbao, zile zenye umbo la mguu, ikiwezekana za mwerezi. Usipokuwa nazo, jaza karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Wino wa gazeti huhamia kwenye bitana.

Viatu vya rangi iliyokolea, hasa vyekundu na vya buluu, huweza kutoa rangi kwenye soksi katika siku za mwanzo. Futa bitana kwa kitambaa cheupe chenye unyevu na uone kinachotoka kabla ya kuvaa soksi unazozipenda.

Panapobana

Tofautisha ugumu na kubana. Ugumu huusikia sehemu nzima ya kiatu na hupungua kila unapovaa. Kubana huwa mahali pamoja, hubaki pale pale, na huacha alama nyekundu isiyofifia upesi baada ya kuvua. Ikiwa ni ukingo wa nyuma unaokwaruza kisigino, usugue upande wa ndani kwa mgongo wa kijiko cha chuma kwa dakika tano, ukikandamiza na kuzungusha, kisha upake sabuni kavu ya kipande ili kupunguza msuguano. Bandika plasta kisiginoni kabla ya kutoka, usingoje hadi ngozi yako iwe imechubuka.

Ikiwa ni pembeni mwa kidole kidogo au juu ya kiungo cha kidole gumba, changanya spiriti na maji kwa kiasi sawa, lowesha sehemu hiyo kwa ndani kwa sponji, vaa soksi nene na utembee nusu saa hadi pakauke. Jaribu mchanganyiko huo kwanza mahali palipojificha, kwa sababu spiriti inaweza kuchukua rangi. Isipofaa baada ya mara mbili, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kutanulia viatu. Anaweza kusukuma sehemu moja tu bila kuharibu nyingine.

Njia za haraka zinazosifiwa sana ziepuke. Kikausha nywele, jua kali na moto wa karibu hukausha mafuta uliyoyaingiza kwa subira, hulainisha gundi ya soli, na kolajeni yenyewe hunywea: ngozi ya tanini iliyolowa huanza kusinyaa kwenye joto la nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi, na kusinyaa huko hakurudishiki. Kuweka mfuko wa maji ndani ya kiatu na kukigandisha ni hatari kwa namna nyingine. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, nayo husukuma pande zote kwa pamoja, mishono ikiwemo, wala si pale tu panapobana.

Siku utakapotoka navyo kwa mara ya kwanza kutwa nzima, chagua siku isiyo na dalili za mvua na uwe na viatu vingine karibu. Jioni vipige burashi kabla vumbi halijaingia kwenye mkunjo, weka kalibu, viache siku nzima kivulini. Baada ya kuvaliwa mara tano au sita, vipe tena krimu, nusu ya kiasi cha mwanzo, kwenye mstari wa mkunjo na ukingo wa kifundo pekee.